Tusomapo Vitabu vya Chakula na Afya

Masomo: Danieli 1:8–16, 1 Wakorintho 11:17–34



Siku hizi vitabu vinavyofundisha habari za chakula na afya vimekuwa vingi. Vinauzwa stendi, vinauzwa sokoni, na mara nyingine vinatandazwa nje ya makanisa watu wanapotoka ibadani. Kimoja kinasema tuache ugali kabisa. Cha pili kinasema tusile kitu ila matunda mpaka saa sita mchana. Cha tatu kinaahidi kwamba majani ya mti fulani yatamaliza kisukari, shinikizo la damu na vidonda vya tumbo kwa siku 21. Waumini wengine wanavishika vitabu hivi kana kwamba ni Maandiko. Wengine wanavicheka, wakisema siku za mtu zimekwisha kuhesabiwa, basi na ale apendavyo. Njia hizi mbili zote si njema, na ndiyo maana nimependa tutafakari pamoja: Mkristo avisomeje vitabu vya chakula?

Tuanze kwa kukumbuka kwamba Kanisa halikuwahi kuudharau mwili. Mtume Paulo anatufundisha kwamba mwili ni hekalu la Roho Mtakatifu (1 Wakorintho 6:19). Mwinjili Luka alikuwa tabibu (Wakolosai 4:14). Bwana wetu mwenyewe, alipomfufua binti wa Yairo, neno lake la mwisho katika nyumba ile lilikuwa kwamba mtoto apewe chakula (Marko 5:43). Muujiza ulikwisha kutendeka, lakini Bwana hakusahau kwamba mtoto aliyeugua ana njaa.

Wachungaji wa Kanisa letu la Anglikana nao walivithamini vitabu hivi. Padre George Herbert, mtunga mashairi wa Uingereza, alitafsiri kitabu cha Mwitalia Luigi Cornaro juu ya kula kwa kiasi, nacho kilichapishwa mwaka 1634, baada ya kifo cha Herbert. Cornaro alikuwa tajiri aliyeharibu afya yake kwa kula na kunywa kupita kiasi, akapona kwa kujipimia chakula. Mwaka 1747 Padre John Wesley alitoa kitabu cha dawa na kanuni za afya kwa ajili ya maskini wasioweza kumlipa daktari. Dawa nyingine za kitabu kile leo zingetuchekesha. Lakini nia yake ilikuwa njema, kwa sababu aliandika akiwaza juu ya mtu asiye na kitu.

Hapa kwetu nako tunayo historia ya kujivunia. Mwaka 1968 mradi wa elimu ya watu wazima uliosaidiwa na UNESCO ulianza katika mikoa ya kandokando ya Ziwa, makao yake yakiwa hapa Mwanza. Watu walijifunza kusoma kwa vitabu vya pamba, ndizi, ng'ombe, uvuvi na maarifa ya nyumbani. Hapa hapa Mwanza lilitoka pia gazeti la vijijini lililoitwa Elimu Haina Mwisho, ili waliokwisha kujua kusoma wasisahau. Kisha mwaka 1973 ikaja kampeni ya Mtu ni Afya, na mwaka 1975 ile ya Chakula ni Uhai.

Vijana wasioijua Mtu ni Afya na wasikie jinsi ilivyokuwa. Kwa majuma 12 watu wazima wapatao milioni 2, nchi nzima, walikutana katika vikundi. Walisikiliza kipindi katika redio, wakasomewa kitabu kidogo, wakazungumza juu ya malaria, kichocho, minyoo, kuhara na maji machafu. Halafu waliulizana: katika kijiji chetu tutafanya nini? Kisha waliinuka wakaenda kuchimba vyoo, kufyeka majani na kufukia madimbwi. Kitabu kilisomwa na wengi, kwa faida ya wengi, na hakikuhesabiwa kuwa kimesomwa mpaka jembe limeshikwa.

Sasa tazameni tofauti. Vitabu vingi vya siku hizi vinasomwa na mtu mmoja, chumbani, kwa ajili ya tumbo lake mwenyewe. Sisemi vyote ni vibaya. Lakini ninawapa maswali matatu ya kukiuliza kitabu chochote cha chakula kabla ya kukifuata.

Swali la kwanza: Je, kitabu hiki kinakubali kupimwa?

Watu hupenda kumtaja Danieli kama shahidi wa kula mboga. Lakini someni vizuri alivyofanya. Hakukitupa chakula cha mfalme kwa siri. Alikwenda kwa msimamizi aliyewekwa juu yake, akamwomba ruhusa kwa adabu. Akataja muda: siku 10. Akakubali kwamba baada ya siku hizo watazamwe nyuso zao na kulinganishwa na vijana wengine, kisha msimamizi aamue kwa kadiri ya atakayoyaona. Imani ya Danieli haikuogopa kutazamwa na mtu mwingine.

Namjua ndugu mmoja, fundi seremala, ambaye ameniruhusu kuyasema haya bila jina lake. Ana ugonjwa wa kisukari. Alinunua kijitabu kilichomwambia aache soda, apunguze wanga na kula mboga za majani kwa wingi. Maneno hayo ni mema, na hata hospitali wangemwambia hivyo. Lakini ukurasa uliofuata ulimwambia kwamba vidonge ni sumu. Alipojisikia nafuu kwa majuma matatu, alivitupa vidonge vyake chooni, asimwambie mkewe wala tabibu. Kidonda kidogo cha mguu kikakataa kupona. Leo anatembea, tunamshukuru Mungu, lakini vidole viwili vya mguu hana. Mkewe aliniambia neno lililonichoma: "Mwalimu, angeniambia tu. Ningekwenda naye kupima."

Uongo mtupu haudanganyi watu wengi. Kinachodanganya ni uongo uliofungwa pamoja na kweli, kama jiwe lililochanganywa na mchele. Kwa hiyo nawasihi: mtu mwenye kisukari, shinikizo la damu, kifua kikuu au virusi vya UKIMWI asiache dawa kwa sababu ya kitabu, wala kwa sababu ya ndoto, wala kwa sababu ya mhubiri. Akitaka kubadili chakula chake, vema. Na aende na kitabu chake mkononi kwa tabibu, aseme kama Danieli: tujaribu kwa muda fulani, kisha unipime. Kitabu chema hakiogopi mizani.

Swali la pili: Je, kitabu hiki kinamwona jirani yangu?

Hapa tunafika Korintho. Wakristo wa kule walikuwa wakikutana kula pamoja na kushiriki Meza ya Bwana. Lakini kila mtu alitangulia kula chakula chake. Mmoja akabaki na njaa, mwingine akalewa. Paulo anawakemea vikali, kisha anasema jambo la kutisha: kwamba kwa sababu ya kula pasipo kuupambanua mwili, wengi kwao ni dhaifu na wagonjwa. Ndugu zangu, Paulo hakuwauliza Wakorintho walikula nini. Aliwauliza walikula na nani, na nani aliachwa.

Tujiulize basi, sisi tunaokaa kandokando ya Ziwa lenye samaki wengi hivi. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba katika kila watoto 100 wa Tanzania walio chini ya miaka mitano, 30 wamedumaa. Katika miaka ya tisini viwanda vya samaki vilipoongezeka hapa Mwanza, minofu ya sangara ilipandishwa ndege kwenda Ulaya, na wengi wa mjini wakanunua mapanki, yaani vichwa na mifupa iliyobaki. Tulilalamika, na malalamiko yetu yalikuwa na haki. Lakini je, nyumbani mwetu hatuna viwanda vidogo vya namna hiyo? Mnofu wa sato unakwenda kwa baba, firigisi ya kuku ni ya baba, mayai yanauzwa, na mama mjamzito anabaki na mchuzi. Mila za makabila mengi ziliwakataza wanawake mayai na kuku. Wengi tumekwisha kuziacha kwa midomo, lakini mkono unaogawa chakula bado unazikumbuka.

Baba mmoja anaweza kusoma kitabu cha afya, akajinunulia asali, karanga na matunda, akayafungia kabatini, akawa na afya njema sana. Lakini kama mtoto wake wa miaka miwili anakula uji mweupe asubuhi na ugali kwa chumvi jioni, baba huyo amekula kama Wakorintho.

Wala dawa ya jambo hili haihitaji fedha nyingi. Dagaa huliwa mzima pamoja na mifupa yake, nao unajenga misuli na mifupa ya mtoto. Kikombe cha dagaa waliooshwa mchanga, wakakaushwa vizuri na kusagwa, chaweza kutiwa kidogo kidogo katika uji. Unga wa dona una kiini na pumba ambavyo sembe imevipoteza. Matembele, mchicha na kisamvu viko bustanini. Viazi vitamu vya rangi ya chungwa vina vitamini A, inayolinda macho ya mtoto. Bibi zetu wa Usukuma walijua kukausha viazi vikawa michembe na matobolwa, ili nyumba isilale njaa wakati wa kiangazi. Hicho nacho kilikuwa kitabu, ingawa hakikuandikwa.

Swali la tatu: Je, kitabu hiki kinanifanya niwahukumu wengine?

Maarifa ya chakula huleta kiburi upesi. Nimeona msibani dada mmoja akisukuma sahani mbele ya wafiwa, akaanza kueleza ubaya wa mafuta yaliyopikiwa. Aliyopika ni mjane ambaye hununua mafuta ya kupima, kwa kijiko, kwa sababu hana uwezo wa kununua chupa. Huenda dada yule alisema kweli juu ya mafuta. Lakini mjane alikwenda nyuma ya nyumba akalia. Katika Warumi sura ya 14 Paulo anatuonya tusiibomoe kazi ya Mungu kwa ajili ya chakula. Naye Bwana wetu alisema wazi kwamba kinachoingia tumboni si kinachomtia mtu unajisi (Marko 7:18–19). Kwa hiyo vyakula havigawanyi Wakristo kuwa watakatifu na wenye dhambi. Mwenye kufuata kanuni fulani kwa ajili ya afya yake na afuate kwa kimya na shukrani, na akialikwa, apokee kidogo kwa upendo, au akatae kwa maneno ya upole yasiyomwaibisha aliyempikia.

Tufanye nini basi?

Nashauri turudie njia ile ya mwaka 1973. Jumuiya zetu za nyumba kwa nyumba zichague kitabu kimoja kinachoaminika. Kipo kile cha David Werner, kilichoandikwa kwanza kwa ajili ya watu wa vijijini milimani Meksiko na kutafsiriwa kwa Kiswahili kwa jina la Mahali Pasipo na Daktari. Kwa kuwa mafundisho ya tiba hubadilika, tumwalike mhudumu wa afya wa zahanati iliyo karibu asome pamoja nasi, atuambie lipi limepitwa na wakati. Tusome sura moja kwa juma. Kina mama wa Umoja wa Mama na kina baba wakae pamoja. Kina baba wasiseme kwamba habari za jikoni haziwahusu, maana fedha ya jikoni imo mifukoni mwao. Na kila mkutano uishe kwa swali lile la zamani: juma hili tutafanya nini, na nyumba ipi tutaitembelea?

Ndugu zangu, kila Jumapili tunapokea mkate mmoja, na hakuna anayepewa mkubwa kwa kuwa amesoma, wala mdogo kwa kuwa ni maskini. Meza ile ndiyo inayotufundisha kula. Kitabu cha chakula kikitusaidia kuzifanya meza za nyumbani kwetu zifanane nayo, tukisome kwa furaha. Kikitufundisha kula peke yetu, tukifunge.

Tuombe: Ee Bwana, uliyewaandalia wanafunzi wako samaki juu ya makaa kando ya bahari, utubarikie chakula cha Ziwa na cha shamba. Utupe akili ya kujifunza, unyenyekevu wa kupimwa, na mkono wa kugawa kwa haki. Uwaponye wagonjwa wetu, uwakuze watoto wetu. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.

Maswali ya kuzungumza katika jumuiya:
1. Nyumbani kwako, nani hugawiwa chakula kwanza, na nani hubaki na kidogo?
2. Je, yuko mtu tunayemjua aliyeacha dawa kwa siri? Tutamwendeaje kwa upendo?
3. Ni chakula gani cha bibi zetu tumekiacha, nacho kingefaa watoto wetu leo?