Mwizi wa Kulungu na Bwana wa Houghton

Juzi nilirudia kusoma The Beggar's Opera, tamthilia ya John Gay ya mwaka 1728. Nilicheka weee, halafu kicheko kikanikauka. Gay anawapima wezi na wakubwa kwa mizani moja, na watazamaji wa London walijua fika nani anasemwa: Robert Walpole.

Huyu alikuwa mtoto wa mwenye mashamba wa Norfolk. Mwaka 1712 Bunge lilimfukuza na kumfunga kwa tuhuma za rushwa. Miaka 9 baadaye yuleyule akakabidhiwa hazina ya nchi, asiiachie hadi 1742. Wabunge aliwashika kwa vyeo na posho. Kwao Houghton akajenga jumba, akalijaza michoro ya thamani, na kijiji kizima kikahamishwa ili bustani ipendeze.

Sasa sikia hii. Mwaka 1723, yeye akiwa madarakani, ilipitishwa sheria iliyoitwa Black Act. Ukikutwa na silaha kwenye msitu wa kulungu, umejipaka masizi usoni, adhabu ni kitanzi. Kulungu tu jamani!

Ningeweza kumhukumu nikaishia hapo. Ila kuna jambo linanisumbua. Vita vya kugombea kiti cha ufalme wa Poland vilipozuka mwaka 1733, Walpole aliiweka Uingereza kando, japo mfalme mwenyewe alitamani kuingia. Vijana wa mashambani ambao wangekufa ugenini walibaki kwao. Je, mama wa kijana kama huyo angejali wabunge walinunuliwa kwa bei gani? Sidhani. Mimi nisiyezika mtoto nina haki gani ya kumwambia ajali?

Lakini mama wa yule aliyenyongwa kwa ajili ya kulungu naye ni mama. Amani ile haikumfikia.

Kinachonifanya nisimsamehe Walpole ni jinsi alivyowaogopa waandishi. Mwaka 1737 alipitisha sheria kwamba tamthilia isichezwe London kabla serikali haijaikagua. Mtu anayeamini kweli kwamba rushwa yake inanunua amani angesimama aitetee hadharani, si kuwaziba watu midomo. Na dalili zilianza mapema: mwendelezo wa tamthilia ya Gay, Polly, ulipigwa marufuku jukwaani hata kabla ya sheria hiyo. Gay akauchapa kama kitabu. Watu wakakigombania, akapata hela nzuri.