Maji ni Tohara, Je, Ni Salama?



Ndugu zangu katika imani, likizo iliyopita nilimsindikiza rafiki yangu anayesoma sayansi ya mazingira kwenda Kilembe, wilayani Kasese, kuchota sampuli za maji ya mto Nyamwamba. Uchimbaji wa shaba pale ulisimama mwanzoni mwa miaka ya 1980, lakini mabaki ya mawe yaliyosagwa bado yamelundikana kando ya mto. Mto ukifurika, kama ulivyofurika Mei 2013, mabaki hayo humomonyoka na kuchukuliwa na maji kuelekea Ziwa George.

Rafiki yangu alijaza chupa juu ya mgodi, kisha chini yake, ili tofauti ionyeshe mgodi unaongeza nini. Akatia tindikali kidogo, madini yasigande kwenye kuta za chupa.

Bibi mmoja akaja na dumu. "Wajukuu zangu, maji haya yanafaa?" Nilikuwa nimevaa kofia, basi akanitazama mimi. Nikajibu upesi: "Yanafaa, bibi. Hayajabadilika rangi, ladha wala harufu." Akashukuru, akajaza dumu, akaondoka.

Rafiki yangu akaniuliza, "Sheikh, sasa mimi hizi chupa nazibeba za nini?"

Sikuwa na jibu. Bibi aliuliza juu ya kunywa, nami nikamjibu juu ya kutawadha. Fiqhi inatufundisha kuwa maji hutoka katika tohara yakibadilishwa na najisi. Shaba na kobalti si najisi. Basi maji yanaweza kufaa kwa udhu na bado yakamdhuru anayeyanywa kila siku. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha shaba katika maji ya kunywa kuwa miligramu 2 kwa lita. Jicho langu haliwezi kupima miligramu.

Sheria yetu inakataza kudhuru na kudhuriana. Lakini tutaondoaje dhara tusiyoijua? Imam Ghazali aliuhesabu udaktari na hesabu kuwa faradhi za kifaya: wakiwepo wa kuzitekeleza, wengine wamesalimika, wakikosekana, dhambi ni ya wote. Naona kupima maji ya mto ulio chini ya mgodi kumo humo humo. Tena si kupima mara moja tu, bali kiangazi na masika, mwaka hadi mwaka, kwa sababu mto wa leo si wa jana.

Na anayepima amebeba ushahidi. Akiufungia majibu kabatini, amewaficha wenye haki nayo, nao ni wanywaji.

Mimi nimemtumia bibi yule salamu kwamba jibu langu lilikuwa la udhu tu, na la kunywa linasubiri maabara. Nimeona haya kusema hivyo. Lakini kusema "sijui" kungenigharimu kidogo zaidi siku ile mtoni.

Wallahu a'lam.