Asiye na Kwao ni wa Nani?

Miaka kadhaa iliyopita tuliwapa wanafunzi wetu wa hapa Rusizi insha ambayo kila mwalimu wa lugha amepata kuitoa, na aghalabu huitoa siku ambayo hakupata wasaa wa kufikiri jambo jingine: "Nyumbani Kwetu." Darasa zima likainama na kuandika. Kijana mmoja wa miaka kumi na mitatu au minne hakuandika. Tulipomwendea alituuliza kwa adabu, "Mwalimu, niandike ya kwetu gani?" Tulidhani ni kosa la sarufi, tukajiandaa kumsahihisha. Halikuwa kosa.

Nyumba ya wazazi wake ilikuwa mteremkoni, katika moja ya kata za milimani. Mvua za masika zilipozidi, ardhi iliporomoka na nyumba ikaenda nayo. Mama yake, ambaye ni mjane, aliwapeleka watoto kwa shangazi yao katika kata nyingine, wakakaa huko miezi michache hadi shangazi mwenyewe akaelemewa. Ndipo akateremka nao mjini kutafuta vibarua. Walilala katika kibanda cha kuazima nyuma ya duka, na walipotolewa humo wakawa wanalala barazani. Yote hayo yalipita, na kijana akija shuleni kila siku, sare imefuliwa. Sisi tuliomfundisha vitenzi na ngeli muhula mzima hatukuwa na habari.

Tulifuatana na mama huyo hadi ofisini. Afisa wa kata ya mjini alitupokea vizuri. Alitueleza kwamba orodha ya wasiojiweza hutungwa katika mkutano wa wanakijiji, ambapo majirani wenyewe, wanaojuana, husema nani ana shida kuliko nani. Mama huyu majirani zake wako kule mlimani. Hapa mjini ni mpita njia. Tukapanda mlimani. Huko nako tulipokewa vizuri. Tulielezwa kwamba katika mkutano wa mwisho jina lake halikutajwa kwa kuwa alikuwa amekwisha kuhama, na kwamba kiwanja chake sasa kimo katika manegeka, yaani mahali pa hatari ambapo hapana ruhusa ya kujenga tena. Kila afisa alifungua daftari lake akatuonyesha. Madaftari yote mawili yalikuwa sahihi.

Tuliondoka tukiwa tumefadhaika, si kwa sababu tulidhulumiwa, bali kwa sababu hatukumwona aliyedhulumu. Katika tamthilia tunazofundisha, penye mwenye kuonewa hapakosi mwonevu, na mwanafunzi hupata alama kwa kumtaja. Hapa aliyeumia alikuwapo, amelala barazani na wanawe, wala hapakuwa na mtu wa kumnyoshea kidole. Swali tunalotaka kulijadili katika makala haya limetokana na safari hiyo: mtu ambaye hayumo katika daftari la mtu yeyote, je, ni wa nani?

Na tuanze na lugha, maana ndiyo kazi yetu. Kiswahili hutofautisha kukosa nyumba na kukosa kwao. Nyumba ni kitu: hujengwa, hununuliwa, huungua. Lakini "kwetu" si kitu. Mtu mzima aliyejenga aweza kusema "kwangu". Hata hivyo, ukimwuliza alikotoka atakujibu "kwetu", hata akiwa mtoto wa pekee. Wanyarwanda nao husema "iwacu", kwa wingi vilevile. Kwa hiyo katika lugha zetu hizi mbili maskani ya mtu hayatajwi kwa umoja. Ni mahali ambapo wengine wamekubali kuniingiza katika "sisi" yao. Wahenga walisema "mtu kwao", na kwa kawaida sisi walimu huifasiri methali hiyo kuwa ni sifa ya kupenda asili. Yafaa tuisome pia kinyume: kama mtu ni kwao, basi aliyenyimwa kwao amepunguziwa utu, na waliompunguzia ni wale walioacha kusema "sisi" pamoja naye. Tazama pia jina tunalowapa watoto wanaolala nje. Twasema "watoto wa mitaani", kana kwamba mtaa ndio uliowazaa. Hapa Rwanda huitwa mayibobo, na jina hilo huwatangulia kila waendako.

Eneo letu hili la Cyangugu ya zamani halikuhitaji kufundishwa maana ya kukosa makao. Kuanzia mwaka 1959 watu walikimbia nchi, na wengi wakakaa uhamishoni zaidi ya miaka 30. Mwaka 1994, wakati wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, walionusurika walikusanyika katika kambi ya Nyarushishi. Na miezi michache baadaye mamia ya maelfu ya watu wengine walivuka mto Ruzizi kwenda Bukavu, wakarejea kwa wingi mwaka 1996 kambi zilipovunjika. Fikiri, msomaji, hali ya kilima kimoja katika miaka ile: anarudi aliyeondoka 1959, anarudi aliyeondoka 1994, na katikati yao yupo asiyeondoka ambaye nyumba yake ilibomolewa. Wote watatu wanasema "kwetu" juu ya kilima kilekile, wala hakuna anayesema uongo.

Mapatano ya Arusha ya mwaka 1993 yalikuwa yamekwisha kulitazama jambo hilo. Itifaki juu ya kurudi kwa wakimbizi ilishauri kwamba aliyekaa nje zaidi ya miaka 10 asidai mali yake ikiwa wengine wameishika, na serikali imfidie kwa kumpa ardhi mahali pengine. Si rahisi kumwambia mtu aiache nyumba ya baba yake. Lakini fikra iliyomo ndani yake ni nzito: haki ya mtu ya kuwa na makao si lazima iwe haki ya kurudi mahali palepale, na wajibu wa kumpatia makao hayo unahama kutoka mabegani mwa jirani mmoja na kuwa wa wote.

Kuna siku nyingine ambayo wazee wa hapa huikumbuka. Jumapili tarehe 3 Februari 2008, asubuhi, ardhi ilitetemeka kwa kipimo cha 5.9. Wilaya ya Rusizi na jirani yake Nyamasheke ziliathirika pamoja, na Bukavu ng'ambo ya pili vilevile. Hapa Rwanda walikufa watu zaidi ya 30, baadhi yao wakiwa kanisani. Nyumba nyingi zilianguka, na nyingine nyingi zilipasuka hata wenyewe wakaogopa kulala ndani. Siku zile hatukumsikia mtu akiulizwa daftari lake liko wapi. Aliyelala nje alikuwa amelala nje, basi. Viongozi wa wilaya hizi mbili walisimama upande mmoja wa jambo.

Hapo ndipo tunapokwama. Kwa nini uwezo ule ulikuwapo siku ya tetemeko, ukatoweka mama yule alipokuja na maporomoko yake ya peke yake? Jibu letu ni kwamba msiba wa wengi hujifanyia daftari lake wenyewe, ilhali msiba wa mmoja hauna budi kutafuta daftari la kuingilia. Kila mvua kubwa hapa milimani ni tetemeko la nyumba mbili tatu. Hazitoshi kuamsha wilaya, na zimezidi uwezo wa kijiji.

Yafaa tukiri kwamba utawala wetu haukosi vyombo. Tangu mabadiliko ya mwaka 2006 Rusizi ni wilaya moja yenye kata 18, nazo huitwa imirenge, na chini yake kuna utugari na vijiji. Hapana mtu aliye mbali na ofisi. Umuganda wa Jumamosi ya mwisho wa mwezi umejenga nyumba ambazo fedha zisingezijenga. Mikataba ya imihigo humfanya meya aahidi hadharani idadi ya nyumba atakazojenga. Lakini tazama linalohesabiwa: ni nyumba zilizojengwa ndani ya mpaka wangu. Mtu aliyeteleza kutoka kwangu hadi kwako hanipunguzii kitu mimi, wala hakuongezei sifa wewe. Akitoweka kati yetu, taarifa zetu zote mbili hupendeza zaidi. Hatusemi kwamba maafisa huwaza hivyo. Tunasema daftari huwaza hivyo kwa niaba yao.

Basi dawa ni serikali za mitaa kushirikiana? Naam, lakini tusilishangilie neno hilo upesi. Ushirikiano wa ofisi ni nguvu tu, na nguvu huweza kumbeba mtu au kumsukuma. Huko Uingereza, ambako kila parokia ilibeba mzigo wa maskini wake yenyewe, sheria ya mwaka 1662 ilitoa ruhusa ya kumrudisha mgeni aliyedhaniwa kuwa atakuwa mzigo. Parokia zikawa zinarudishiana watu. Wanawake wajawazito walifukuzwa kabla ya kujifungua, ili mtoto asije akahesabiwa kuwa wa hapo. Karibu na sisi, Tanzania ilipotunga Sheria ya Nguvu Kazi mwaka 1983, watu walioonekana hawana kazi Dar es Salaam walikamatwa na kusafirishwa kwenda vijijini. Mji na mikoa vilishirikiana. Baada ya muda si mrefu wengi walikuwa wamekwisha kurejea mjini, maana kijiji walichopelekwa kilikuwa "kwao" katika karatasi tu. Nasi pia, kampeni ya kuondoa nyakatsi, yaani nyumba za nyasi, katika miaka ya 2010 na 2011, iliunganisha ngazi zote za utawala na kuzipatia familia nyingi bati. Lakini palikuwa na mahali ambapo nyasi ziliezuliwa kabla ya bati kufika, na malalamiko yalisikika hasa kutoka kwa Watwa. Mtu aliyekuwa na kibanda jana, leo hana hata hicho, na taarifa inasema nyakatsi imekwisha.

Kwa maoni yetu, tofauti haiko katika wingi wa mikutano. Iko katika swali linaloulizwa kwanza. Ofisi zikianza na "umetoka wapi?", kila ushirikiano utaishia katika kupanga namna ya kumrudisha mtu. Zikianza na "leo utalala wapi?", ndipo swali la kutoka wapi linapopata kazi yake halali, ambayo ni kujua nani achangie gharama. Wajibu wa kumhifadhi mtu uwe wa mahali alipo; mzigo wa kumhifadhi ugawanywe na wote ambao angeweza kuwa wao. Mambo haya mawili yakichanganywa kuwa moja, afisa mwema huogopa kutenda wema, maana akimpokea mmoja atakuwa amelikubali deni lote.

Najua wapo wenzetu watakaotupinga, na hoja yao si ndogo. Watasema: mji utakaopokea bila kuuliza utajaa, na vijiji vitakaa vikitazama. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Ni kweli kabisa, na ndiyo sababu mji mmoja hauwezi kuwa mwema peke yake kwa muda mrefu. Wema wa ofisi moja huadhibiwa na uzembe wa jirani yake. Lakini methali hiyo wanaoitumia kumfukuza mgeni wameisikia nusu. Haikusema siku ya tatu mwonyeshe njia. Imesema mpe jembe, na jembe halina maana bila mahali pa kulima. Katika wilaya ambayo kila kipande cha kilima kina mwenyewe, kutoka maji ya Kivu hadi mpunga wa Bugarama na ukingo wa msitu wa Nyungwe, kumpa mtu mahali pa kulima ni jambo ambalo kata moja haiwezi kuliamua bila nyingine.

Kuna jambo moja linalotusumbua ambalo hatujalipatia jibu. Kata na kata huweza kugawana mzigo kwa kuwa juu yao kuna wilaya. Wilaya na wilaya, kwa kuwa juu yao kuna mkoa. Rusizi na Bukavu je? Wanawake wanaovuka daraja kila asubuhi na vikapu vya mboga wana jamaa pande zote mbili, na Kiswahili tunachokifundisha hapa kilifika kwa wengi wetu kwa njia ya masoko hayo. Aliyelala nje upande mmoja kwa sababu ya jambo lililotokea upande mwingine, nani afungue daftari?

Mama wa kijana wetu alipata nyumba. Tungependa kusema kwamba ilikuwa matunda ya utaratibu, lakini ilikuwa bahati. Makatibu wa kata zile mbili waliketi benchi moja katika mkutano uliohusu jambo jingine kabisa, mmoja akamtajia mwenzake habari ya mwalimu msumbufu aliyekuja na mjane, naye mwenzake akacheka akasema, "Hata kwangu alifika." Kiwanja kilipatikana katika kata ya mlimani, mbali na manegeka, bati zikatoka mjini, matofali ya udongo yakafyatuliwa kwa umuganda. Sisi tulibeba maji, kazi ambayo mwalimu mwenye miaka arobaini na kitu huikumbuka mgongoni wiki nzima.

Mwisho wa mwaka ule tulisikia kwamba nyumba hiyo moja ilitajwa katika taarifa za kata zote mbili, kila moja ikijihesabia kuwa ndiyo iliyoijenga. Mwenzetu mmoja alitaka twende tukawasahihishe. Tulimwomba asubiri.