Mtoto Asiyesikia na Mwalimu Wake

 



Baada ya darsa ya Magharibi hapa Kiembeni, mzazi mmoja alitujia na suala. Binti yake amemaliza skuli, naye ataka kwenda kusomea ualimu wa watoto wadogo na wa watoto wenye ulemavu. Mzazi akasema, "Sheikh, ndiyo nimemlipia ada miaka yote hii aje kufuta watoto wa watu makamasi?" Usiku ule tulimjibu kwa ufupi. Leo twamjibu kwa urefu, kwani twajua kuwa wenye suala hilo ni wengi.

Kwanza na tuirejee Qur'ani, Sura ya 80, Abasa. Mtume (s.a.w.) alikuwa akizungumza na wakubwa wa Kikureshi, akitumai kuwa watasilimu. Akaja Abdullah bin Ummi Maktum, naye ni kipofu, akitaka kufunzwa. Mtume akakunja uso, akaendelea na wale wakubwa; Mwenyezi Mungu akamteremshia aya za kumlaumu, nazo zasomwa hata leo. Basi mwenye akili na azingatie: kipofu yule hakuja kuomba sadaka. Alikuja kuomba ilimu, na kwa ajili ya somo lake lililocheleweshwa ndipo ziliposhuka aya. Baadaye alikuwa mwadhini wa Mtume, na mara kadhaa aliachwa Madina kuwasalisha watu Mtume alipokuwa safarini. Sisi twampa kipofu senti mlangoni mwa msikiti siku ya Ijumaa, tukadhani tumemaliza haki yake.

Nami niandikaye haya sina uso wa kumcheka mtu. Katika chuo nilichokuwa nikisomesha palikuwa na mtoto wa kiume wa miaka sita. Nikimwita haitiki; nikimwamuru arudie aya, hunitazama midomo tu. Nikasema yale tusemayo sote: mtoto huyu hasikii. Nikampiga bakora kwa kuwa hasikii. Nyumbani nako akapelekwa kwa mganga, akapungwa, akavishwa hirizi. Siku moja akaja msichana aliyesomea kazi hii, amekuja kumchukua nduguye. Akasimama nyuma ya mtoto yule, akapiga makofi; mtoto hakugeuka. Akarudia, hakugeuka. Akaniambia kwa adabu, "Mwalimu, umesema kweli. Hasikii."

Ndugu zangu, neno hilo lilikuwa kinywani mwangu mwaka mzima wala sikuijua maana yake. Mamake nilimwomba radhi. Mtoto mwenyewe sikuwa na lugha ya kumwomba radhi.

Basi hii ndiyo jawabu ya kwanza kwa mwenye kusema kuwa kazi hii haina ilimu. Ni ilimu kujua mtoto wa umri gani hutakiwa awe amesema, na nani wa kupimwa masikio au macho. Ni ilimu kusoma kwa vidole maandishi ya nukta, na kusema kwa lugha ya ishara. Ni ilimu pia kumfunza mtoto wa miaka minne kwa mchezo, asiichukie skuli kabla hajaijua. Mji usio na tabibu wakazi wake wote wana dhambi, kwani utabibu ni fardhi kifaya. Na mji usio na mwenye kuwasomesha watoto hawa, je, hukumu yake ni nyingine?

Wa pili husema kuwa kazi hii ni duni. Naye na atazame historia ya mji wake. Waislamu wa Pwani walipoona watoto wao wabaki nyuma katika skuli, hapa Mombasa mwaka 1986 ilianzishwa skuli ya kwanza ya watoto wadogo iliyounganisha mafunzo ya dini na ya skuli, kwa msaada wa Wakfu wa Aga Khan. Aliyeiongoza kazi hiyo ni mwalimu wa kike, Bi Swafiya Said. Mwaka 1990 mpango huo ulifika Unguja, na mwaka 1993 Uganda. Hiyo kazi ya kufuta makamasi ndiyo iliyovuka bahari!

Wa tatu husema kuwa mshahara wake ni mdogo. Mara nyingi ni kweli, na aibu hiyo ni yetu. Twamwaga maelfu kwa usiku mmoja wa harusi, kisha twagombana na mwalimu kwa ada ya mwezi.

Watoto hawa wana skuli zao: Likoni iko ya vipofu, Ziwani ya viziwi, Port Reitz ya wenye ulemavu wa viungo. Chuo cha taifa cha kuwafunza walimu wao kiko Nairobi tangu 1986. Na Katiba ya mwaka 2010, ibara ya 54, imewapa haki ya elimu. Lakini haki iliyoandikwa haimsomeshi mtoto. Amsomeshaye ni mwalimu.

Kwa hivyo twausia mambo matatu. Mzazi asimfiche mwanawe ndani kwa kuona haya; ampeleke kupimwa, wala asitangulize mganga. Mwalimu wa chuo asinyanyue bakora kwa mtoto asiyeitika mpaka ajue kama asikia. Na kila mtaa, Kiembeni ukiwa wa kwanza, uchange ada ya kijana mmoja, wa kiume au wa kike, akaisomee kazi hii na arudi kwetu.

Ama wewe mzazi uliyetuuliza, mwache binti yako ende, na umwombee dua. Wazee wetu walisema: hujafa hujaumbika. Huenda mtoto atakayemsubiri mlangoni mwa skuli akawa ni mjukuu wako.

Mwenyezi Mungu atusamehe tuliyoyatenda kwa ujinga, na atuongoze katika kheri. Amin.