Yona na Jirani Yetu

Katika Ziwa Nyasa, toka Itungi hata Matema, mvuvi Mkristo na mvuvi Mwislamu huogopa dhoruba ile ile. Wote wawili wamjua nabii aliyemezwa na samaki: sisi twamwita Yona, wao Yunus. Vitabu vyote viwili vyasema kwamba watu wake waliongoka, wakasalimika. Lakini katika Biblia mmea wanyauka, ili Yona ajifunze huruma. Katika Kurani mmea waota, umsitiri akiwa mgonjwa.

Je, yatupasa kumcheka jirani? Hasha! Twayashika Maandiko yetu bila kuyumba. Hata hivyo Mtaguso wa Vatikano, mwaka 1965, ulitufundisha kuwaheshimu Waislamu. Enyi wazazi, wafundisheni watoto: Yona alikasirika Mungu alipowahurumia wageni. Tusirithi hasira yake.