Nia Haikumpungukia Chet Baker

Penye nia pana njia, tunasema. Kijana akishindwa kuacha pombe, unga au vidonge, tunaigeuza methali hiyo kuwa hukumu: hakuona njia kwa sababu hana nia. Hapa Laare, katika Kaunti ya Meru, hukumu hiyo hutolewa haraka, mara nyingi na watu wanaompenda kijana mwenyewe. Mimi naipinga, na shahidi wangu ni mpiga tarumbeta Mmarekani aliyekuwa pia mwimbaji.

Chet Baker alizaliwa Oklahoma mwaka 1929. Mwaka 1954, akiwa na miaka 24, alitoa albamu ya *Chet Baker Sings*. Ilikuwa na nyimbo nane, na mwaka 1956 ikatolewa tena zikiwa kumi na nne. Karibu zote zilikuwa za zamani, zilizotungwa na wengine kwa ajili ya michezo ya jukwaani na filamu. *My Funny Valentine*, kwa mfano, ni ya Richard Rodgers na Lorenz Hart, ya mwaka 1937. Wanamuziki wa jazi, muziki aliopiga Baker, huzirudia nyimbo kama hizo kizazi hadi kizazi, kama *Malaika* ilivyopita kwa Fadhili William, ikapita kwa Miriam Makeba, na kila mmoja akaiacha na alama yake.

Kabla ya Baker, Louis Armstrong, aliyefika hadi Nairobi katika ziara yake ya Afrika mwaka 1960, alikuwa ameonyesha kwamba mpiga tarumbeta anaweza pia kuwa mwimbaji mkubwa. Sauti ya Armstrong ilikwaruza na kujaa furaha. Baker aliimba kwa sauti nyororo na ya chini, bila madoido, kana kwamba anazungumza na mtu mmoja aliyeketi karibu naye. Akimaliza ubeti anainua tarumbeta, nayo inaendelea pale sauti ilipoishia, kwa upole ule ule. Usiku, malori ya miraa yakishaondoka na barabara ya Maua ikatulia, huwa naisikiliza albamu hii, na bado inanigusa.

Lakini katika miaka hiyo hiyo ya hamsini heroini ilimkamata, na haikumwachia. Italia ilimfunga zaidi ya mwaka mmoja, katika gereza la Lucca. Ujerumani na Uingereza zikamfukuza. Mwaka 1966 alipigwa huko California na meno yake yakaharibika, mwishowe akavalishwa ya bandia. Kwa mpiga tarumbeta hilo ni pigo kubwa, kwa sababu midomo inayotoa sauti huegemea meno ya mbele. Baker alianza upya, akajifunza kupuliza kama mwanafunzi, akavumilia sauti mbovu hadi ikarudi kuwa nzuri. Mwaka 1974 alipiga Carnegie Hall, New York, pamoja na mpiga saksafoni Gerry Mulligan.

Nani atasema mtu huyu hakuwa na nia? Nia aliyoitumia kurudisha tarumbeta ingewatosha watu kumi. Hata hivyo heroini ilibaki. Tarehe 13 Mei 1988 alianguka kutoka dirisha la hoteli mjini Amsterdam akafa, akiwa na miaka 58. Heroini ilikutwa mwilini mwake.

Amsterdam tunaijua. Miraa ya Nyambene ilisafirishwa huko kwa ndege, mpaka Uholanzi ilipoipiga marufuku mwaka 2013. Simlinganishi mkulima wetu na muuza heroini. Miraa imelipa karo na kujenga nyumba Igembe nzima, na mwaka 2016 sheria ya Kenya iliitambua kuwa zao la biashara. Ninayemhofia ni kijana aliyeacha shule akachume miraa, anayechana usiku kucha, kisha hapati usingizi bila pombe kali au vidonge. Huyo tumemwambia mara nyingi ajikaze. Baker alijikaza kuliko wengi wetu, na hakupona.

Uraibu ni ugonjwa wa mwili na akili, na mgonjwa huhitaji tiba na watu. Serikali yetu inalijua hilo: mwishoni mwa mwaka 2014 ilianza kuwapa waraibu wa heroini methadoni, dawa ya kutibu uraibu huo, katika hospitali ya Mathari, Nairobi. Pombe na vidonge vina tiba yake tofauti, lakini msingi ni ule ule. Anayeachishwa ghafla bila uangalizi anaweza kuugua vibaya, hata kufa, na anayetibiwa kisha akarudi kwenye upweke na kejeli ni rahisi kuanguka tena. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Kwa hiyo nawaomba wazee wa Njuri Ncheke, wachungaji, walimu na viongozi wa bodaboda: tuache kupima nia za vijana wetu. Mkiona kijana anazama, msimwitie kikao cha kumkaripia. Mfuateni nyumbani, mpelekeni hospitali, mketi naye kwenye foleni, na akirudi mpeni kazi mnayoweza kumpa, hata ya kufunga miraa kwenye majani ya mgomba mbele ya macho yenu. Akianguka tena, mrudisheni tena. Kijana anayetaka kupona ana nia tayari; njia tumtengenezee sisi.