Kufa Kufaana: Mataji 22 ya Steffi Graf

Mtaje Steffi Graf mbele ya mtu anayefuatilia tenisi, na namba ya kwanza utakayoisikia ni 22. Hayo ni mataji aliyotwaa katika mashindano manne makuu: Australia, Ufaransa, Wimbledon na Marekani. Namba nyingine zinafuata. Wiki 377 akiwa namba moja duniani. Mataji 107 ukijumlisha na mashindano mengine. Na mwaka 1988, akiwa na umri wa miaka 19, alishinda yote manne makuu, kisha akaenda Seoul akarudi Ujerumani na dhahabu ya Olimpiki. Kabla yake hakuna aliyewahi kufanya hivyo ndani ya mwaka mmoja.

Sina shaka na namba hizo. Kinachonisumbua ni mstari unaozikata katikati. Kati ya mataji hayo 22, 11 yalipatikana kabla ya tarehe 30 Aprili 1993, na 11 baada yake.

Siku hiyo, mjini Hamburg, Monica Seles alikuwa akiongoza robo fainali dhidi ya Magdalena Maleeva. Seles, mzaliwa wa Novi Sad katika iliyokuwa Yugoslavia, alikuwa na miaka 19 na ndiye aliyekuwa namba moja duniani. Wachezaji walipopumzika ili kubadilishana pande, alikaa kwenye kiti chake, mgongo ukiwa umeelekea jukwaani. Mtu mmoja akateremka kutoka kwa watazamaji akamchoma kisu mgongoni. Aliitwa Günter Parche, na alikuwa shabiki wa Graf. Alieleza kwamba hakukusudia kuua. Alitaka Seles aumie, asiweze kucheza, ili Graf arudi kileleni. Mahakama ilimpa kifungo cha miaka miwili kilichoahirishwa. Seles alikaa nje ya mashindano zaidi ya miaka miwili, na hakucheza tena Ujerumani maisha yake yote ya tenisi.

Graf alirudi namba moja mwezi Juni mwaka huohuo. Alichokitaka yule mwenye kisu kikawa.

Sisi tuna msemo wa hali kama hii: kufa kufaana. Tunausema tukiinua mabega, kama watu wanaokubali kwamba dunia ndivyo ilivyo. Mwenye duka la jirani akifunga, wateja wake wanakuja kwako. Lakini msemo huo unaeleza tu jinsi mambo yanavyokwenda. Haumwambii aliyefaidika afanye nini kesho yake asubuhi. Swali langu liko hapo: ukipata kitu kwa njia halali kabisa, lakini mlango ulifunguliwa na dhuluma aliyotendewa mwenzako, je, kitu hicho ni chako?

Kuna jibu jepesi la upande mmoja: mataji hayo yana doa, tuyapunguze. Seles alipokuwa nje, yalifanyika mashindano makuu 10, na Graf alishinda 6. Toa 6, basi. Jibu hili halisimami. Manne yaliyobaki yalikwenda kwa wanawake wengine, wala hakuna anayemwambia Conchita Martínez kwamba Wimbledon yake ya 1994 haina thamani. Tena hakuna taji hata moja ambalo Graf alikabidhiwa mezani. Katika fainali ya Wimbledon ya 1993, Jana Novotná alikuwa mbele yake kwa michezo 4 kwa 1 katika seti ya mwisho. Graf akapigana akaigeuza, na Novotná akalia begani kwa Duchess wa Kent wakati wa kupokea tuzo. Ushindi ule ulitoka kwenye raketi. Mwaka mmoja nyuma, kwenye nyasi hizohizo, Graf alikuwa amemfunga Seles mwenyewe 6–2, 6–1.

Jibu jepesi la upande wa pili linasema: bahati ni sehemu ya michezo. Wachezaji huumia magoti, huugua, huacha mapema. Anayebaki uwanjani ndiye mshindi. Hili nalo halinitoshi. Goti likivunjika uwanjani limevunjwa na mchezo, na kila anayeshika raketi anaijua hatari hiyo. Kisu hakikuwa sehemu ya mchezo. Tukiviita vyote viwili bahati mbaya, tunamfichia mtu dhuluma yake.

Tena namba zenyewe zinakataa kunyamaza. Tangu Seles aliposhinda Ufaransa mwaka 1990 akiwa na miaka 16, mpaka Australia ya Januari 1993, yalifanyika mashindano makuu 12. Seles alishinda 8, Graf 2. Hiyo ndiyo hali aliyoikuta Parche, na ndiyo aliyoamua kuibadilisha. Hatuwezi kujua nini kingefuata, na taji la kufikirika halihesabiki. Lakini kusema kwamba hakukuwa na kitu cha kupotea ni uongo.

Wanafalsafa wawili, Bernard Williams na Thomas Nagel, waliandika mwaka 1976 kuhusu kile walichokiita bahati katika maadili. Williams alitoa mfano wa dereva wa lori anayemgonga mtoto bila kosa lolote. Hatumlaumu. Hata hivyo, tukimwona anapangusa lori lake na kuendelea na safari kana kwamba hakuna lililotokea, tutashtuka. Tunategemea ahisi kitu ambacho mpita njia halazimiki kukihisi. Graf hakuwa hata dereva. Hakumjua yule mtu, hakumtuma, na alikwenda kumwona Seles hospitalini. Ila jina lake ndilo lililokuwa kichwani mwa mwenye kisu, na faida ilimwangukia yeye. Naamini kuna uzito unaomfikia mtu wa namna hiyo ambao si hatia, na bado haukanushiki.

Naujua uzito huo kwa kipimo kidogo sana. Kidato cha tano na cha sita, katika shule ya bweni, nilikuwa wa pili darasani mihula yote. Wa kwanza alikuwa mwenzangu tuliyelala vitanda vilivyopakana. Wiki ya kuanza mtihani wa mwisho aliugua, akachukuliwa na mama yake, na hakuurudia mpaka mwaka uliofuata. Mimi nikawa wa kwanza. Jina langu liliandikwa kwa rangi nyeupe kwenye ubao ulioko ofisini kwa mkuu wa shule. Nilipokwenda kwao kumjulia hali, nilikuwa nimejiandaa kwa maneno mengi. Yeye akaniwahi: “Hongera, mwenzangu. Ila usiwaache wakaandika kana kwamba sikuwepo.”

Hakuniomba nikatae zawadi. Hakusema alama zangu si zangu, alijua nilivyokesha. Aliomba kitu kingine kabisa, na naona alilielewa jambo hili kuliko majibu yote mawili mepesi. Ushindi ni wa aliyeshinda. Habari ya ushindi huo si yake peke yake.

Ndiyo maana katika kisa cha Hamburg naona kosa lilipo, na siyo kwenye kabati la vikombe la Graf. Viwango vya tenisi hupimwa kwa pointi za mashindano. Asiyecheza hushuka mpaka anatoweka kwenye orodha. Baada ya shambulio lile, wachezaji wa juu waliulizwa kama nafasi ya Seles ihifadhiwe mpaka atakaporudi. Walikataa. Gabriela Sabatini wa Argentina ndiye anayekumbukwa kwa kutoungana nao. Hapo swali linahama kutoka kwa mtu mmoja kwenda kwa kundi zima. Kisu hawakukishika wao, na jeraha wasingeweza kuliponya. Walichoweza ni kumwachia mwenzao kiti, kwa gharama ya kila mmoja kukaa nafasi moja chini ya pale ambapo angekaa.

Kufaidika bila kosa hakumtii mtu hatiani. Lakini ukiwa na uwezo wa kurudisha sehemu ya kilichochukuliwa, kwa gharama ndogo, kisha ukakataa, tangu dakika hiyo huwezi tena kusema hukuhusika. Faida iliyokuangukia umeichagua. Huu ndio mpaka ninaouona kati ya kufaana na kunyang'anyana, na unapita katika maisha ya wengi wetu tuliosoma. Tuna ajira, ufadhili na nafasi za chuo ambazo mtu mwingine alizikosa kwa sababu alifiwa, alipata mimba, alikimbia vita au alikosa nauli ya kufika kwenye usaili. Wengi wetu hatuna hatia kwa hayo. Siku ya kura ikifika, ile ya kuamua kama aliyeanguka ahifadhiwe nafasi, ndipo tunapojulikana.

Tena haikuwa kazi ngumu. Agosti 1995 Seles aliporudi, chama cha wachezaji kiliamua awe namba moja pamoja na Graf, majina mawili kwenye nafasi moja. Alishinda mashindano yake ya kwanza, huko Toronto, kisha akafika fainali ya Marekani na kufungwa na Graf kwa seti tatu. Januari 1996 akashinda Australia, taji lake kuu la 9 na la mwisho. Kilichoonekana hakiwezekani mwaka 1993 kiliwezekana mwaka 1995 kwa uamuzi tu. Kilichelewa miaka miwili.

Kwa hiyo mtu akiniuliza Graf alishinda mataji makuu mangapi, nitajibu 22, bila kupunguza hata moja. Akiniuliza kama alikuwa bora kuliko wote wa wakati wake, sitampa namba hiyo kuwa jibu. Nitamwambia kwamba Graf na Seles walikutana katika fainali kuu mara 6, na kila mmoja alishinda 3. Kabla ya Hamburg walicheza 4, Seles akachukua 3. Baada ya Hamburg walicheza 2, na zote zikawa za Graf. Sentensi hizo zote ni za kweli, na nitaomba azibebe pamoja.